Kanisa Lililoelekea Juni

Kunegunda Mapunda hakuwa mtu wa kutazama juu. Waliomjua pale Bombambili watakuambia hivyo hivyo: ukikutana naye njiani macho yake yako chini, anakagua udongo, kama unashika au unamomonyoka, kama ukichomwa utatoa tofali jekundu au utakuachia majivu na hasara. Alizaliwa Lusewa kwa mkulima wa tumbaku, akaolewa Songea mjini, akafiwa na mume angali kijana. Shemeji zake walipokuja kugawana vyombo walikuta vile vya maana ameshaviuza. Hakulia mbele yao. Alilia baadaye, kidogo, maana kulikuwa na kazi.

Zama zile saruji ilikuwa kwa kibali, bati kwa kibali, hata misumari, na mwenye kutoa kibali aliamkiwa mara mbili kwa siku. Kunegunda akajiuliza ni kitu gani cha ujenzi kisichohitaji karatasi ya mtu. Akajijibu mwenyewe: udongo. Akaanza kufyatua tofali na vibarua wawili, akajifunza kupanga tanuri na kuusikiliza moto unapokolea. Biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuuza anachoweza kukipata, wengine walikimbilia mitumba na redio. Yeye alipakia saruji kwenye lori kutoka Mbeya, akaiweka kando ya tofali zake, akawaambia watu: njoo na kiwanja chako, utaondoka na nyumba. Kusoma ramani hakujua vizuri. Alijua kumpata fundi, kumsimamia, na kumshusha mtu bei mpaka mwenyewe akashukuru.

Ndivyo alivyopata kazi ya kanisa. Wakristo wa kigango kipya, tawi dogo la parokia pale Bombambili, walikuwa wakisali chini ya turubai miaka mitatu, kigango hakina hata jina la mtakatifu, kila mkutano wa kuchagua jina unavunjika kwa ubishi. Mchoro waliokuwa nao ulichorwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari na Mzee Leo, katekista, mtu mwembamba aliyefundisha dini tangu enzi za wamisionari, na sasa jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Ulikuwa mchoro wa ajabu. Chumba kirefu, paa la kawaida, lakini juu ya altare, katika ukuta wa mashariki, dirisha moja la duara. Na upande wa pili kabisa, karibu na mlango, kisima cha ubatizo chenye pande nane.

"Pande nane za nini, katekista?" Kunegunda aliuliza. "Kisima si bakuli tu lenye mguu? Nikufanyie la mviringo, zuri, lisilokula saruji."

"Siku saba ndizo za dunia, mwanangu," Mzee Leo alisema. "Bwana alifufuka siku ya baada ya hizo saba. Hiyo ndiyo ya nane. Anayebatizwa anaingia siku isiyo na jioni. Sasa nifanyie bakuli la mviringo, nitaingiza wapi siku ya nane?"

Daimu, fundi wake mkuu, Myao kutoka Tunduru, alikuwa amesimama hapo na timazi mkononi. "Mzee, kona nane ni kazi mara mbili," alisema. "Lakini hesabu yako nimeielewa."

"Na dirisha?" Kunegunda aliuliza.

Mzee Leo akainuka, akageukia kule linakochomoza jua, akanyoosha mikono yote miwili mbele. Wazee wa zamani, alisema, walijenga kanisa kama mtu anayemngoja mgeni, uso kuelekea anakotokea. Hawakuabudu jua, wala mtu asije akasema hivyo. Lakini kila asubuhi jua lilikuwa likiwakumbusha kwamba aliyeahidi kurudi atarudi. Kwa hiyo asubuhi ya Pasaka, mwanga uingie kwa dirisha lile, upite juu ya altare, juu ya vichwa vya watu wote, ushuke mpaka mlangoni, uingie kisimani. Kanisa zima liwe njia ya mwanga huo. Kitu hicho alikiona mara moja tu akiwa kijana mdogo, katika kanisa la mbali, na hajakiona tena. Alitaka kukiona kabla jicho la pili nalo halijafunga.

Kunegunda alisikiliza kama anavyosikiliza mteja anayetaka veranda. "Sawa," alisema. "Dirisha moja la duara. Kisima cha kona nane. Mashariki."

Ilikuwa wakati wa baridi wa mwaka wa tisini, mvua zimekwisha, majani yamekatwa, tanuri zinafuka kila upande. Huo ndio msimu wa kupiga msingi kule, hakuna anayeanza jengo kwenye matope. Asubuhi waliyokwenda kuvuta kamba, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba vibarua walikuwa wakiitana kwa majina wasigongane. Daimu alikuja na kijiti kilichonyooka.

"Mama, nipe leo," alisema. "Nikisimamishe hiki hapa, nifuate kivuli chake tangu asubuhi mpaka alasiri, niweke alama. Kesho nitakuonyesha mashariki yenyewe ilipo."

"Yenyewe?" Kunegunda alijifunga kitenge vizuri. "Imepotea lini, fundi? Au kule kwenu Tunduru jua linatokea magharibi?"

"Kwetu Tunduru linatoka tukiwa tumelala bado, mama. Sijawahi kuliona."

Vibarua wakacheka. Daimu hakukiweka chini kijiti chake. "Msikiti wa mtaani kwetu tuliutafutia kibla hivi hivi. Kivuli kifupi kuliko vyote kinakupa kaskazini na kusini, na mengine yanafuata. Wazee walikaa siku nzima wakinywa chai."

"Kwa chai ya nani? Nina watu kumi na wawili hapa wanapiga miayo. Simlipi mtu kutazama kijiti."

Wakangoja ukungu uachie. Ulipoachia, jua lilikuwa limeshapanda juu ya vilima, jekundu bado, linatazamika. Mzee Leo akashika kigingi cha mbele, Daimu akachuchumaa kwenye kigingi cha nyuma, akafumba jicho moja, akaelekeza: kushoto kidogo, rudi, hapo hapo. Kamba ikalala sawa na jua. Kunegunda akapiga makofi mara moja kama anayemaliza mnada, na majembe yakaanza.

Waliokuwepo wote walikuwa watoto wa wakulima. Yeye mwenyewe, alipokuwa mdogo Lusewa, alimsikia baba yake akisema jua limehamia kilima kile, sasa baridi inakuja, au limerudi kilima hiki, tayarisheni mbegu. Alilijua jambo hilo kama alivyolijua jina lake. Lakini asubuhi ile hakuna aliyelikumbuka, maana hakuna aliyekuwa shambani. Walikuwa kazini.

Kuta zilipanda vizuri. Kenchi za paa zikasimama, bati likalala, na kufikia masika ya mwaka uliofuata kulikuwa na kanisa lenye milango, lisilopakwa rangi bado. Pasaka ikafika. Usiku kucha mvua ilinyesha, asubuhi ikapambazuka safi kama sufuria iliyosuguliwa. Watu walijaa mpaka nje. Mzee Leo alisimama karibu na kisima, mikono kifuani, akingoja. Kunegunda naye alikuwepo, amevaa gauni la kijani, akijua kwamba leo ndiyo siku ya kusifiwa.

Mwanga uliingia. Uliingia mkali, wa duara, mzuri. Ila ulikata kanisa mshazari, ukapita juu ya wanakwaya, ukatua kwenye ukuta wa kushoto, katikati ya kanisa, juu ya ubao wa matangazo ya ndoa. Ukakaa pale, ukiwamulika wachumba wanne walioandikwa kwa chaki, huku kisima kikiwa gizani kama chungu jikoni.

Mtu mmoja akacheka. Kisha wengi wakacheka, maana ilichekesha. Mzee Leo hakucheka. Aligeuza uso taratibu, akiutafuta mwanga kwa lile jicho zima, na alipouona ulipo akainamisha kichwa, akarudi kuketi. Kunegunda alikuwa ameshatukanwa sokoni, ameshafukuzwa ofisini, ameshaitwa mchawi na shemeji zake. Hakuna lililowahi kumchoma kama mgongo wa yule mzee ulivyokuwa ukirudi kwenye benchi.

Jumatatu yake Bwana Ramson alikuja na dira. Huyu alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya walei, karani wa ushirika, mtu wa Sumbawanga aliyehamishiwa Songea na kukaa. Mnyoofu, anapenda kitu kipimwe. Akaiweka dira kwenye sakafu, katikati ya njia, akangoja sindano itulie.

"Mama Kunegunda, njoo uone. Mashariki ile pale. Kanisa lako linatazama huku. Ni karibu digrii thelathini."

"Thelathini ni nyingi?"

"Ukienda Mbeya ukakosea digrii thelathini, mama, utafika pengine kabisa."

Halmashauri ikakaa chini ya bati lile lile. Padre Saimon, kijana, aliyekuwa na vigango tisa vya kuzungukia na pikipiki moja, alitaka jambo liishe kwa amani. Lakini Bwana Ramson alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa ya haki: watu walikubaliana kanisa lielekee mashariki, halielekei. Basi ukuta wa altare ubomolewe, ujengwe upya kwa kukatwa pembeni, dirisha liwekwe linapotakiwa, na abomoe aliyekosea. Wengine wakaitikia. Kunegunda akaona yote kwa mara moja. Ukuta ule ukiguswa nyundo, habari itatembea parokia hadi parokia, na mwanamke aliyejenga kanisa likapotea njia hatapewa tena hata choo akijenge.

Hakuomba msamaha. Alisimama, akafanya alichokijua.

"Bwana Ramson, nyie wa Sumbawanga mnajua uchawi wa kutuma radi, jua tuachieni wenyewe," alisema, na watu wakapata pa kupumulia. "Sasa nisikilizeni. Mvua haijaisha. Ukuta wa mbele ukiwa wazi mvua hii, maji yatanywewa na kuta zote mbili za pembeni, na mtajenga kanisa jingine badala ya ukuta mmoja. Nani atabomoa Aprili? Nipeni mpaka mvua zikatike. Hapo nitabomoa mwenyewe, na fundi wangu."

Vichwa vikatikiswa kukubali. Wakampa.

Alirudi kanisani kesho yake peke yake, saa ile ile, kupima ukuta utabomolewa vipi na tofali ngapi zitaokolewa. Mwanga ulikuwepo. Haukuwa juu ya matangazo. Ulikuwa umesogea, kama kimo cha goti, kuelekea mlangoni.

Alidhani amekosea. Akapanda benchi, akachukua kipande cha mkaa, akachora alama ukutani katikati ya duara la mwanga, akaenda zake tanurini. Siku ya tatu akarudi. Mwanga ulikuwa umeiacha alama yake. Akachora nyingine. Juma lilipoisha kulikuwa na hatua tatu kubwa kati ya alama ya kwanza na ya mwisho, zote zikielekea upande mmoja, na Kunegunda, aliyekuwa na lori la saruji linalomsubiri barabarani, alibaki amekaa kwenye benchi na mkaa mkononi.

Aliikumbuka sauti ya baba yake: limehamia kilima kile.

Tangu siku hiyo kila asubuhi yenye anga safi alikuwa kanisani. Vibarua walianza kunong'ona kwamba mama ameokoka. Mwisho wa Aprili mwanga ulifika kwenye pembe, ukavunjika vipande viwili, kimoja ukuta huu, kingine ule, kisha siku chache baadaye ukawa mzima tena, sasa kwenye ukuta wa mlangoni, unajongea kuelekea kisimani. Hakuna aliyeusukuma. Hakuna aliyeulipa. Kitu kikubwa kuliko Songea nzima na milima yake kilikuwa kinatembea huko nje bila kutoa sauti, na ndani ya chumba chake cha tofali za kuchoma kilikuwa kinaacha alama ya nyayo zake, siku kwa siku, mahali ambapo yeye aliweza kuigusa kwa kidole. Alikuwa amejenga nyumba arobaini. Hakuna hata moja aliyowahi kukaa ndani yake kuona kitu gani kinaingia.

Siku moja alimleta Daimu. Fundi akazitazama zile alama zote, akafuata mstari wake kwa macho, akatikisa kichwa polepole. "Subhanallah," alisema. Kisha akaongeza, "Mama, kijiti changu kilikuwa kinataka kukuambia haya haya."

"Ningekisikiliza tungekuwa na kanisa la Machi, la Pasaka. Unaona jua linakwenda wapi?"

"Kisimani. Ila litafika lini, sijui. Tulivuta kamba tarehe ngapi?"

Hilo hakuna aliyelijua. Kunegunda alikumbuka ukungu, alikumbuka miayo ya vibarua, alikumbuka hata alichokula. Tarehe hakuiandika. Ingeweza kuwa Juni, ingeweza kuwa Julai.

Alikwenda kwa Mzee Leo. Alimkuta amekaa uani, jua la asubuhi likimpiga magotini.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, katekista."

"Milele amina. Marahaba, mwanangu. Umeanza kubomoa?"

Akamsimulia. Alimsimulia kila alama, na mzee alisikiliza bila kumkatiza. Akauliza mwanga unasogea kwa mwendo gani sasa. Kunegunda akamwambia: mwanzo hatua tatu kwa wiki, sasa hatua moja, unapunguza. Mzee akahesabu kwa vidole.

"Unapunguza kwa sababu unakaribia kugeuka," alisema hatimaye. "Jua likifika mwisho wa safari yake upande ule, linasimama siku kadhaa kama mtu aliyefika mlangoni kwa mwenyeji, ndipo linarudi. Siku hizo ndimo ilimo sikukuu ya kuzaliwa Yohane Mbatizaji. Tarehe ishirini na nne Juni." Akacheka kidogo, kicheko cha kujicheka. "Nimefundisha jambo hili miaka thelathini na tano, Kunegunda. Wamisionari walituambia: kuanzia siku ya Yohane jua linapungua nguvu, siku zinafupika, mpaka Krismasi linapozaliwa upya. Yohane anapungua, Bwana anakua. Nikawafundisha watoto wa Songea hivyo, nao wakaniitikia. Sikuwahi kutoka nje nikatazama."

"Kwani si kweli?"

"Kwao Ulaya ni kweli. Kwetu Juni ndiyo baridi yenyewe, ndiyo siku fupi. Kuanzia siku ya Yohane, huku kwetu, jua linarudi. Linaongezeka." Akalielekeza lile jicho zima angani, akalifumba kwa ukali wa mwanga. "Kwetu Yohane anasimama mahali jua linapogeuka, anasema: linakuja. Na mimi nilikuwa nataka kuuingiza mwanga Pasaka kwa lazima, kama walivyofanya kwao."

Kunegunda alirudi halmashauri na bei yake tayari. Mvua zilikuwa zimekatika, Bwana Ramson alikuwa ameshaanza kuulizia nyundo.

"Nipeni mpaka tarehe ishirini na nne Juni," alisema. "Saa mbili asubuhi. Mwanga ukiingia kisimani siku hiyo, ukuta unabaki, na kigango kinapata jina la Yohane Mbatizaji, ubishi wenu unaisha. Usipoingia, Daimu atakuwa na nyundo hapo hapo mlangoni. Nitalipiga tofali la kwanza mwenyewe, mbele yenu wote."

"Kuingia kisimani," Bwana Ramson alirudia. "Sio karibu na kisima."

"Kisimani."

Padre Saimon akasema siku hiyo ataleta Misa, na wale kumi na wanne waliobaki kubatizwa, watoto na watu wazima, wabatizwe hiyo hiyo.

Ndipo mwanga ukaanza kumfanyia ubahili. Wiki ya kwanza ya Juni ulisogea shubiri mbili. Wiki ya pili, nusu shubiri. Alama zake zilianza kubanana, mkaa juu ya mkaa. Tarehe kumi na saba ukingo wa mwanga ulipanda juu ya mdomo wa kisima, ukalamba pembe mbili kati ya zile nane, ukaishia hapo. Ndani ya bakuli kulikuwa giza. Lilikuwa la kina, na miale ilikuwa ikipita kwa ulalo. Tarehe kumi na nane, pale pale. Kumi na tisa, pale pale. Kunegunda alipiga magoti, akaweka kidole kwenye mpaka wa mwanga na kivuli, akangoja kama anayemngoja mtu aongeze dau la mwisho. Amewahi kuwasubirisha wenye malori mpaka jioni wakakubali. Huyu hakukubali. Alikuwa amefika alipokuwa anafika tangu kabla Bombambili haijawa na nyumba, na hakuwa na habari na tofali la mtu.

Kitu cha ajabu ni kwamba hakukasirika. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta aliokuwa anakwenda kuubomoa wiki ijayo, ule ulio mkabala ukiwa umejaa alama zake nyeusi, akahisi udogo ambao haukumuumiza.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne upepo wa milima ya Matogoro ulikuwa umeshafagia ukungu. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Daimu alisimama nje ya mlango na kofia yake, nyundo na tindo zimefungwa kwenye gunia. Watu walikuwa wengi kuliko Pasaka, wengine wamekuja kusali, wengine wamekuja kuona mwanamke akibomoa kanisa. Bwana Ramson alifika mapema, akainama juu ya kisima kabla maji hayajaletwa, akaangalia alama za mkaa kwenye mdomo wake.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, bila ushindi. "Limesimama ukingoni."

"Najua. Tangu wiki iliyopita."

"Na bado umekuja?"

"Nilisema saa mbili."

Misa ikaanza. Akina mama wawili wakaleta ndoo za maji, wakayamimina kisimani mpaka yakafika mdomoni, kwa sababu watu kumi na wanne si wachache. Padre akashuka kutoka altare, kusanyiko zima likageuka nyuma kumfuata. Wale wa kubatizwa walijipanga upande wa mlangoni, nyuma ya kisima, watoto mikononi mwa mama zao. Mzee Leo alikuwa kati yao, ameshika bega la kijana mmoja.

Mwanga ulikuwa unashuka ukutani. Ulifika kwenye mdomo wa kisima mahali pale pale ulipokuwa ukiishia kila siku. Lakini siku zile zote bakuli lilikuwa tupu, na mwanga ulikuwa unamezwa na kina chake. Leo ulikuta maji.

Ulichukua kipande tu cha maji, upana wa viganja viwili. Kikatosha. Maji yaliwaka. Yakaushika ule mwanga, yakaurusha juu, ukawapiga usoni wote waliosimama nyuma ya kisima, kutoka chini, mahali ambapo mwanga hautokei. Nyuso zikageuka kama za watu waliozaliwa sasa hivi. Paji la Mzee Leo, mashavu ya watoto, kanga za mama zao, vyote vilikuwa vinatetemeka kwa mawimbi madogo ya dhahabu, na kwenye ukuta nyuma yao ule mtetemo ulikuwa unapanda na kushuka kama kitu kinachopumua. Mtoto mmoja aliinyoosha mikono kuukamata.

"Limefika?" Mzee Leo aliuliza kwa sauti. "Mbona nahisi joto? Limefika?"

Kila mtu alidhani mzee anaona. Labda alikuwa anaona. Machozi yalikuwa yanamshuka, nayo yaling'aa.

Padre Saimon alikuwa amesimama na kikombe cha kuchotea mkononi, amesahau la kufanya. Akamtazama mwenyekiti wake. Bwana Ramson, ambaye naye mwanga ulikuwa unamchezea chini ya kidevu, alikuwa anayatazama maji. Kile kipande cha maji yanayowaka kilikuwa kimeanza kubadilika umbo, kikinywea upande mmoja.

"Batiza, Padre," alisema. "Batiza, linaondoka!"

Padre akachota. Wa kwanza alikuwa yule kijana aliyeshikwa bega, na maji yaliyommwagikia kichwani yalikuwa na moto ndani yake. Wa pili mtoto, akapiga chafya. Wa tatu. Mawimbi yaliyotibuliwa na kikombe yakarusha mwanga mpaka kwenye kenchi, mpaka kwenye bati, watu wakafuata kwa vichwa. Daimu alikuwa ameingia mpaka kizingitini bila kujua, kofia mkononi, gunia ameliacha nje.

Kunegunda alihesabu, maana hakuweza kuacha kuhesabu. Tisa walibatizwa katika mwanga ule. Wa kumi alipoinamishwa mwanga ulikuwa umeshateremka kutoka kisimani, umelala sakafuni, unatambaa polepole kurudi kuelekea altare, juu ya viatu vya watu. Watano wa mwisho walibatizwa kwa mwanga wa kawaida wa asubuhi, nao ni Wakristo kama wenzao.

Misa ilipokwisha Bwana Ramson alikwenda kumpa Mzee Leo mkono, kisha akaenda kwa Daimu akamwambia nyundo irudi nyumbani, kisha akamjia Kunegunda, akafungua mdomo, akaufunga. Kunegunda hakumsaidia. Kwa kawaida mtu akiwa hana la kusema, hapo ndipo yeye alipokuwa akitaja bei. Akapita kando yake, akatoka nje kwenye baridi, akasimama katikati ya uwanja ambao majani yake yalikuwa bado meupe kwa umande. Aliinua uso. Alilitazama lile jua la Juni, dogo, la mbali, limepanda juu ya vilima vyake, mpaka macho yakamjaa maji, na watu waliokuwa wanapita wakimpongeza walipomwamkia hakuwasikia.